Twiga wa Mayu Minza na Yale Matofali Manne

Mnapoleta pikapu za babu zenu gerejini mkitaka zishushwe mpaka tumbo lisugue lami, mimi huwa nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mlango, nanyi mnadhani nimesinzia. Sijasinzia. Nawasikia mnavyomwambia Kabula, "Fundi, ilaze, ilaze kabisa!" huku mmemwekea simu usoni aone picha za magari yaliyolala kama paka wa juani. Nacheka peke yangu. Miaka yangu yote ya kazi hapa Bariadi hakuna aliyewahi kuniambia nishushe gari. Walikuja kabla ya msimu wa pamba, kila mwaka, wote na ombi moja kwangu mimi, mwana wa Sita: "Ng'wana Sita, iinue."

Nikainua. Nimeinua pikapu, nimeinua malori, nimeinua hata kigari kidogo cha mwalimu mmoja wa Maswa aliyekuwa amekata shauri kubebea mpunga. Sasa magoti yamekataa kuchuchumaa, gereji nimemwachia Kabula, ambaye ni fundi kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, na ndipo dunia imegeuka na kutaka kila kitu kiwe chini. Basi nisikilizeni kidogo. Gari la kwanza kulishusha maishani mwangu nililishusha nikiwa nimeshastaafu, na nilikosea mbele ya wakwe wa watu.

Lakini kwanza tazameni kidevu changu. Kovu hili mnaloliona si la vita. Springi za pikapu za zamani ni mabamba ya chuma, marefu kwa mafupi, yamelazwa moja juu ya jingine na kubanwa na bolti moja katikati. Yamekaa kimya, yanakudanganya. Ukiilegeza bolti ile kabla hujayabana kwenye jiliwa, yanafumuka kama panzi. Mimi niliilegeza. Nilikuwa na wiki moja kazini na nilitaka kuona kuna nini ndani. Bwana Makoye, aliyenifundisha kazi hii, alicheka kwanza, kisha ndiyo akaleta maji ya chumvi.

"Haya," alisema akinipangusa damu, "sasa kazi imekuandikisha. Huondoki tena."

Alijua udhaifu wangu. Shule niliacha darasa la tano kwa sababu nilifungua saa ya mwalimu mkuu nione kinachosema tiki. Nilikiona. Kuirudisha ndiko kulikonishinda, na sikuona haja ya kwenda kueleza. Baada ya hapo nilichunga ng'ombe kule Kimali mpaka nikajua kila mmoja anakohoa vipi, nikachoka. Nikabeba robota za pamba Lalago mpaka nikaelewa mashine inavyotenganisha mbegu na nyuzi, nikachoka. Nikawa utingo wa lori. Siku lori lile lilipovunja springi hapa Bariadi, dereva alikwenda kula wali, mimi nikabaki kumtazama Makoye akipasha chuma moto na kukigonga huku anakisikiliza. Alikuwa wa ukoo wa wafua majembe. Chuma kwake kilikuwa na sauti kama mtu. Dereva aliporudi na kuwasha lori, sikupanda. Nilikuwa bado namuuliza Makoye maswali. Nadhani hadi anafariki nilikuwa sijamaliza.

Sasa tuje kwa Mayu Minza, yaani Mama Minza.

Alikuja gerejini Jumatatu moja, kwa bajaji. Bajaji iko chini, ndiyo maana. Nyonga ya kushoto ilikuwa imemkalia vibaya miaka miwili. Fimbo ya mkwaju mkononi, kitambaa kichwani, na nyuma yake mwanawe Mabula akiendesha pikapu ya marehemu baba yake, ile ambayo mji mzima unaiita Twiga. Mkiiona mtajua sababu. Ilikuwa ndefu hivi kwamba kuku walipita chini yake bila kuinamisha kichwa.

"Ng'wangaluka, Mayu," nikamwamkia.

"Ng'wangaluka. Wewe ng'wana Sita, umeiona hii?" Alinyoosha mkwaju kuelekea Twiga. "Nani aliipandisha huko mawinguni?"

"Mimi, Mayu."

"Basi ishushe."

Mabula alikuna shingo. "Shikamoo, Mzee. Nimemwambia mama tukodi teksi Jumamosi, hataki."

"Teksi ya nani? Niende kwa wakwe kwa gari la watu, langu limesimama uani linakula kivuli?"

Nikampa kiti changu, akanieleza. Mjukuu wake, yule aliyemlea mwenyewe tangu akinyonya, anaolewa Jumamosi kule Nkoma. Yeye ndiye mkubwa wa upande wa bibi harusi. Ndiye wa kutangulia kuingia uani kwa wakwe. Lakini tangu siku ya mavuno kanisani alikuwa hajapanda gari lile. Siku hiyo vijana wawili wa kwaya walimbeba kumteremsha, mmoja kwapani, mmoja magotini, na mcheshi mmoja akapaza sauti: "Robota limefika! Nani anapima?" Watu walicheka. Na yeye alicheka.

"Nilicheka kwa sababu lilichekesha," aliniambia. "Lakini nilipofika nyumbani halikuchekesha tena. Watoto sita nimewazaa, ekari zile nimezilima kwa mkono, halafu niitwe robota. Ng'wanawane, mwanangu, nitashuka kwa mguu wangu mbele ya wakwe, au siendi. Na nisipokwenda yule mtoto atalia siku ya harusi yake."

Mtauliza, mbona asiwekewe kigoda? Kiliwekwa, kikapinduka naye. Mbona pasichomelewe kikanyagio chini ya mlango? Kilichomelewa, si na mimi. Kilimtaka ainue mguu mara mbili, na nyonga yake ilikuwa inakubali mara moja tu. Halafu kikang'olewa na jiwe barabarani. Kwa hiyo ilikuwa ni Twiga ashuke, au Mayu Minza abaki nyumbani.

Kabula alitoka chini ya lori akijipangusa grisi. Alikwenda nyuma akarudi na matofali, akapanga moja, akamwomba Mayu akanyage huku ameshika mlango. Akaongeza la pili. La tatu. La nne Mayu alipanda akiuma midomo, lakini alipanda. La tano nyonga ilikataa.

"Matofali manne," Kabula akasema. "Sakafu ya gari isizidi hapo."

Tukapima Twiga. Matofali sita na nusu.

"Wabeja," akashukuru Mayu Minza akijizoazoa kurudi kwenye bajaji. "Ijumaa nakuja kujaribu."

Vijana, mkitaka kumjua fundi, fungueni kazi yake ya zamani. Tulipoinua Twiga kwa jeki na kuiweka juu ya magogo (magogo, si jeki peke yake, jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake), Kabula akafungua magurudumu, akabana springi kwenye jiliwa, na mimi kutoka kwenye kiti changu nikaanza kuaibika polepole.

Kila bamba nililowahi kuongeza nilikuwa nalikata alama ndogo ya tindo pembeni. Kabula alizihesabu kwa kidole.

"Guku, haya yote ni yako?" Huniita Guku, babu, ingawa hatuna undugu.

"Yote."

Bamba la kwanza lilikuwa la mwaka ambao pamba ilizaa mpaka watu wakaanika juu ya vitanda. Mzee wa Mayu Minza alikuja, akasema anataka kubeba mara mbili ya kawaida. Nikaongeza. La pili nililiongeza kufidia upumbavu. Bamba lilikuwa limepata ufa, na badala ya kulitupa nikalichomelea, nikalisugua kwa msasa mpaka likang'aa, nikajisifu. Likavunjika njia ya Lalago, gari limejaa, mchana wa jua kali. Mzee yule hakunigombeza. Alituma mtu aniambie: "Kazi yako inakusubiri hapa porini, njoo na maji ya kunywa." Nilikwenda. Tangu siku ile sijachomelea bamba la springi, nanyi msichomelee hata mkiona mwenzenu anafanya. Moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma pale pale unapogusa, na hakuna msasa unaourudisha.

La tatu na la nne hata sikumbuki sababu. Waliomba, nikaongeza. Hiyo ndiyo ilikuwa mila yetu hapa: kabla ya msimu watu huja kuongeza, na baada ya msimu hakuna anayerudi kupunguza. Gari linapanda tu, mwaka hadi mwaka, kama deni la mahari. Sikuwahi kujiuliza watu wanapandaje.

"Na hiki nini?" Kabula alikuwa ameingiza kichwa juu ya ekseli.

Nikajifanya kukohoa.

"Guku. Huu ni ubao."

"Ni mkola."

"Umeweka ubao kati ya ekseli na springi?"

"Chuma hakikuwepo siku ile. Nikasema nitabadilisha wiki ijayo."

Aliutoa, akaugonga kwa nyundo. Ukalia kama mfupa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaupanga mbavuni mwa ukuta, pale mnapoegemeza pikipiki zenu. Ndio huo. Muwe mnausalimia.

Tukatoa ubao, tukatoa mabamba niliyoongeza, mbele na nyuma. Sikilizeni hapa, maana ndipo wengi mnapojiharibia. Bamba refu, lile lenye masikio mawili, haliguswi. Hilo ndilo linaloshika gari. Yatolewayo ni ya katikati na yaliyozidi. Upinde wa yaliyobaki usipunguzwe kwa kupasha moto ovyo. Kabula aliyapeleka kwa mtu mwenye mashine ya kukandamiza, yakakandamizwa yakiwa baridi. Bolti zile zilizopinda kama herufi U, zinazobana springi kwenye ekseli, msizirudishe za zamani, zimeshavutika. Shokapu ziwe fupi kulingana na kimo kipya, vinginevyo zitagota mwisho kwenye kila shimo. Raba za kuzuia ekseli isigonge chesesi msizikate ili gari lilale zaidi. Nimewaona mnakata, nikanyamaza, sasa nasema. Na propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, ikibadilika pembe gari litatetemeka kama lina malaria. Hapo huwekwa kabari nyembamba ya chuma. Ya chuma, Kabula alinikumbusha, si ya mkola.

Ijumaa asubuhi Twiga alikuwa chini. Nikaona kazi imebaki moja, na hiyo nilimwambia Kabula nitaisimamia mimi. Makoye alikuwa na amri moja aliyoirudia kila siku: springi haipimwi tupu. Gari la huku halijengwi kwa ajili ya kusimama bure, alikuwa akisema, linajengwa kubeba. Kwa hiyo tangu ujana wangu sijapima springi bila kwanza kupanga viroba vya mchanga nyuma. Ndivyo tulivyofanya. Viroba vikapangwa, gari likatulia, tukakaza bolti zote likiwa limebeba, tukapima sakafu.

Matofali manne. Yamegusa kama yamekatiwa.

Mayu Minza akaja. Akashika mlango, akainua mguu, huyo ndani. Akashuka. Akapanda tena. Mama wa chapati wa ng'ambo ya barabara akapiga kigelegele, na wapanga foleni wake wote wakageuka. Mara ya tatu alipanda akaketi kabisa, akakunja mikono, akatazama mbele kama yuko njiani.

"Wabeja, ng'wana Sita," akasema. "Sasa huyu ni ng'ombe, si twiga."

Alipoondoka, Mabula na wenzake wakashusha viroba vya mchanga. Kabula alisimama akitazama gari, kichwa ameinamisha upande.

"Guku, imeinuka."

"Gari lolote huinuka likitua mzigo," nikamjibu, kwa sauti ile ya mzee anayejua.

Laiti ningefunga mdomo nikainama kupima. Lakini nilikuwa nimeshiba sifa.

Jumamosi nyumbani kwao walipakia tangu alfajiri. Magunia ya mchele, makreti ya soda, godoro, sufuria za harusi, mbuzi wawili. Twiga akatulia vizuri chini ya mzigo wake. Mayu Minza, kitenge kipya, akapanda mwenyewe bila kutazama mtu. Mimi na Kabula tukafuata na gari lake, na njia nzima nilikuwa nikimwonyesha jinsi pikapu inavyokaa: "Ona inavyokwenda. Ona haiyumbi." Alikuwa ananijibu "Naona, Guku" kama mtu anayemjibu mtoto.

Sasa mnajua watu wetu wanavyopokea wageni. Mzigo wa mgeni haukai garini. Mgeni akionekana bado ana mzigo, mwenyeji anaona aibu. Twiga alipoingia uani Nkoma, ngoma ikiwa imepamba moto, vijana wa upande wa mume waliivamia hata Mabula hajazima injini. Magunia yakaruka begani, makreti yakapita mikono kwa mikono, mbuzi wakashushwa wakilalamika. Kufumba na kufumbua nyuma palikuwa peupe, mchele umeshafika jikoni na akina mama wanaupepeta.

Na Twiga, mbele ya macho yangu, akaanza kupanda. Polepole, kwa adabu, kama mtu anayesimama kumpisha mkubwa.

Mayu Minza alifungua mlango. Akatoa mguu wa kulia. Mguu ukatafuta ardhi, haukuipata. Ukaning'inia pale na kiatu chake kipya.

Ngoma ikapungua. Wanawake waliokuwa wakiimba wakashusha sauti. Vijana wawili wenye mabega wakakimbia mikono imefunguliwa tayari, na niliona uso wa yule mama unavyofunga.

"Msiniguse."

"Mama, kiletwe kiti," Mabula akanong'ona.

"Kiti kiliniangusha. Mabula, nirudishe nyumbani."

Mjukuu wake alikuwa kwenye mlango wa nyumba na shela lake, ameshaanza kukunja uso kulia.

Nilikuwa naisikia sauti ya Makoye, springi haipimwi tupu, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kumjibu: na mtu akishuka gari likiwa tupu, je? Hakunijibu. Kabula ndiye aliyenipiga kiwiko.

"Mzigo, Guku. Inataka mzigo."

"Mchele umeshaingia jikoni."

"Kwani mzigo ni mchele tu?"

Nikaelewa. Nikapaza sauti ambayo sijaitumia tangu nilipokuwa utingo: "Wakwe! Pandeni nyuma!"

Baba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye suti ya bluu, alitazama kushoto na kulia. "Nani?"

"Wewe, Baba! Wewe kwanza, ndiye mwenye uzito!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa, maana mtu anayecheka hupanda bila kuuliza. Baba mkwe akasukumwa juu kwa makalio na wajomba zake. Wajomba wakafuata. Shangazi mmoja akapanda na mwamvuli. Vijana wawili walioshusha mzigo wakakaa juu ya boneti ili na mbele kulale. Springi zikasema kriii. Kabula alikuwa amechuchumaa chini ya mlango, vidole ameviweka kati ya sakafu na mti wa kipimo aliokuwa amekuja nao, maana yeye si kama mimi, yeye hubeba kipimo.

"Bado vidole viwili!"

"Mpandisheni mpiga ngoma!"

Akapanda na ngoma yake.

"Bado kimoja!"

"Mchungaji!" mtu akaita, na mchungaji, Mungu ambariki, akakunja kanzu akapanda.

"Imefika!"

Mayu Minza alishusha mguu. Ukagusa. Akashusha wa pili. Akatengeneza kitenge, akachukua mkwaju kwa Mabula, akatembea hatua tatu peke yake kuelekea kwa mjukuu wake. Hatua ya nne akasimama, akageuka. Akawatazama wakwe zake wote walivyobanana kule juu, suti, mwamvuli, ngoma na mchungaji.

"Robota zimefika," akasema. "Nani anapima?"

Sijui kama mmewahi kuona watu ishirini wakicheka ndani ya pikapu yenye springi mpya. Ilidunda kama inacheza.

Jumatatu iliyofuata tulitoa bamba moja zaidi kila upande, tukapima Twiga akiwa tupu na akiwa amebeba, na sasa Mayu Minza hupanda na kushuka apendavyo. Wiki iliyopita alikuja kunisalimia akaegesha mlangoni kabisa ili nione. Mabula amepewa masharti: magunia mengi yasafirishwe na lori la jirani. Pamba ya watu isimpandishe mama yake tena mawinguni.

Kwa hiyo mkija na pikapu zenu msishangae Kabula akiwauliza jambo ambalo mafundi wengine hawaulizi. Kabla hajagusa spana atawauliza nani hupanda gari hili, ana miaka mingapi, na wapi atashukia. Kisha atakwenda nyuma kuleta matofali. Mpangieni moja moja, na mtu wenu akanyage taratibu. Mimi nitakuwa pale kwenye kiti, macho nimefumba, nahesabu.